Utenzi ni nini?

Utenzi, au utendi kama wasemavyo Waamu, yaani watu wa Lamu, ni shairi refu linalosimulia au kuusia. Kanuni yake haina ugumu: kila ubeti una vipande vinne vya mizani (silabi) nane nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, yaani huishia kwa sauti moja, na cha nne kina kina chake, ambacho hurudi katika kila ubeti mpaka shairi liishe. Tazama Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, anavyomwita bintiye, mwaka 1858:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Hesabu kwa vidole, utapata nane kila kipande. Kina cha *-ti* kinaishia hapo hapo. *-A* ya mwisho utakutana nayo tena ubeti baada ya ubeti.

Umbo ndilo hilo. Kilichoufanya utenzi uheshimike ni mzigo wake. Ndani ya utenzi mmoja dini, historia na visasili huchanganyika, na mtunzi hana haja ya kukuonya wapi kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo bin Athumani, unahusu msafara wa Mtume kwenda Tabuk mwaka 630. Wanahistoria wanasema jeshi lile lilirudi bila kupigana na Warumi. Kwenye utendi, vita vinapiganwa hasa, na Sayyidna Ali anafyeka maadui kwa upanga. Kumwita Bwana Mwengo mwongo ni kumwonea. Alikuwa anatunga habari ya ushindi wa imani kwa hadhira iliyotaka kuuona ushindi huo kwa macho.

Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili wa kale, naye yuko katikati ya historia na visasili vivyo hivyo. Ukifika Kipini, pwani ya Kenya, utasikia habari za kaburi lake, kwa hiyo wengi humhesabu kuwa mtu aliyeishi kweli. Lakini utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unampa mwili usiodhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kitovuni, na anayemchoma nayo ni mwanawe mwenyewe. Mimi hupenda zaidi kisa cha gerezani. Liyongo amefungwa, na mama anampelekea mkate wa wishwa, yaani pumba, chakula ambacho walinzi hawawezi kukitamani, na ndani amefukia tupa. Nje watu wanapiga ngoma na kuimba, ndani Liyongo anakata pingu, na kelele za tupa zinamezwa na ngoma.

Safari ya kiroho ina tenzi zake pia. Zipo za Miraji, Mtume akipandishwa mbinguni usiku mmoja. Ipo na safari ya ndani kwa ndani, nayo ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir: mshairi anausemeza moyo wake, anautembeza katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya kauri, sasa yamekaliwa na wadudu na ndege. Vipande vyake ni virefu kuliko vya utenzi wa kawaida, na wako wanaokataa kuuita utenzi. Ubishi huo tuwaachie walimu.

Umbo hili halikubaki msikitini. Hemed bin Abdallah el-Buhriy alilitumia kusimulia vita vya Wadachi (Wajerumani) kuutwaa Mrima, pwani ya Tanganyika, mambo ya zama zake mwenyewe, na Shaaban Robert akaliandikia Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Anayetaka kuanza aanze na Mwana Kupona: beti 102 tu, na azighani kwa sauti, maana tenzi zilitungwa zisikilizwe. Tambuka, wenye beti zaidi ya elfu moja, usubiri hadi sikio lizoee mizani.