Ramani ya kijiji ikae kijijini

Kazi yangu ni kusaidia serikali za vijiji kupima mashamba na kutunza taarifa zake kwenye kompyuta, na kitu kimoja nakisema kila ninapoenda: kama mtendaji wa kijiji hawezi kuifungua ramani mwenyewe akairekebisha, hicho kijiji hakina ramani, kina picha ya ukutani tu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, sio wilaya. Na vijiji viko zaidi ya 12,000 Tanzania nzima, ukisema usubiri wapimaji wa serikali wafike kote utazeeka. Ndo maana niliupenda mfumo wa MAST, app ya simu ya kupimia na kusajili mashamba, ulipoanza kujaribiwa Iringa Vijijini mwaka 2014, vijana wa hapohapo wanafundishwa, wanashika simu, wanazunguka mpaka wa shamba pamoja na mwenye shamba, majirani zake na kamati ya uhakiki, kila kona inachukuliwa pointi watu wote wakiwa wamesimama pale wanaona. Jirani akikataa inajulikana hapohapo shambani, sio miaka mitano baadae kwenye baraza la ardhi.

Watu wanadhani ugumu uko kwenye simu. Hapana jamani, kijana aliyemaliza form four anaielewa app chapchap. GPS ya simu inakosea mita tatu mpaka tano, chini ya miembe zaidi ya hapo, kwahiyo kwa shamba kubwa sio mbaya ila kwa viwanja vilivyobanana tafuteni kifaa cha maana.

Balaa lenyewe liko kwenye ramani za zamani. Nyingi zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabu namba za mahali, wakati simu inasoma mfumo mwingine, WGS84, na kwetu Tanzania tofauti ya hiyo mifumo miwili inafika kama mita 300. Sasa mtu anachukua namba za mipaka kwenye karatasi ya zamani anaziingiza QGIS, programu ya kuchorea ramani, bila kuzibadilisha ziendane na mfumo wa simu, mpaka wote unahama, kisima kinaonekana kipo kijiji cha jirani, watu wanaanza kushikana mashati kwa kitu ambacho kompyuta inakirekebisha kwa dakika mbili! Kabla hujachapisha chochote ipeleke ramani mkutano mkuu wa kijiji, waulize wazee na wamama mto uko wapi, njia ya ng'ombe inapita wapi. Wataona kosa kabla yako.

Alafu kuna masjala, yaani ofisi ya kutunza kumbukumbu za ardhi za kijiji, na hapa ndo miradi mingi inafia. Hati za kimila zimetolewa, picha zimepigwa, mradi umefunga. Mwaka unaofata mzee anafariki shamba linagawanywa kwa watoto wanne, mwingine kauza nusu, mjane anataka jina lake liingie, na laptop ina password aliyoondoka nayo mtu wa mradi. Mi siku hizi sikubali kuondoka mpaka mtendaji agawanye shamba moja kwenye mfumo mbele yangu, aandike na kwenye daftari, nakala iende wilayani. Na watendaji wanahamishwa sana, kwahiyo kwenye makabidhiano iandikwe kabisa: ufunguo wa kabati la masjala, laptop, password, na mjumbe mmoja wa halmashauri anayeujua mfumo awepo siku hiyo.