Uanaharakati kwa njia ya sanaa: maana yake, kwa mifano ya Kigoma

Uanaharakati kwa njia ya sanaa ni pale msanii anapotumia shairi, wimbo, igizo, ngoma au mchoro kudai mabadiliko katika jambo linaloumiza watu wengi. Kitu kikubwa hapo ni kudai. Wimbo unaosikitikia umaskini unaweza kuwa mzuri na ukaishia hapo. Unakuwa harakati pale unapoonyesha nani anaumia na nani ananufaika, hadi msikilizaji akaona kwamba hali ile haikuandikwa na Mungu.

Sisi wa Kigoma tuna mfano mkubwa nyumbani. Saadani Abdu Kandoro, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1926, alikuwa mshairi na mwanasiasa kwa wakati mmoja, na ni miongoni mwa watu 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Katika shairi lake maarufu la siafu na nyoka, nyoka anahangaika kwa hasira kwa sababu siafu wamekazana. Juu juu ni habari za wadudu na mnyama. Wasomaji wake walielewa bila kuambiwa: nyoka ni mkoloni, siafu ni wananchi. Fumbo lilimpa mtunzi pa kujikinga, lakini faida yake kubwa ilikuwa kwa msikilizaji, kwani aliyelifumbua mwenyewe alijihesabu kuwa ndani ya lile kundi. Siafu mmoja unamkanyaga bila habari. Wakiwa wengi unahama njia. Siasa nzima ya kudai uhuru imo humo, na hakuna aliyetukanwa. Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wanadhani msanii mwanaharakati lazima apige kelele na ataje wakubwa kwa majina.

Kuna harakati zinazodai heshima tu. Watu wa Kigoma tumezoea kuitwa wa mwisho wa reli na kutiliwa shaka kama ni Watanzania kweli. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walipoungana kuimba Leka Dutigite, wimbo wenye jina la Kiha, wakijivunia walikotoka, wapo walioona ni burudani tu. Mimi nauhesabu kuwa harakati.

Lakini sanaa inayofanya kazi hii kwa karibu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni igizo shirikishi. Chukua mfano wa kikundi kinachoigiza kwenye mwalo, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, kama wa Kibirizi, asubuhi, vyombo vya uvuvi vikiwa vimerudi na dagaa. Mwigizaji mmoja ni mwenye chombo, mwingine ni mama mchuuzi aliyekuja na ndoo yake. Mama anauliza bei. Mwenye chombo anamjibu kwamba mzigo wa leo una wenyewe, ila akipita jioni wanaweza kuelewana. Kila mtu pale mwaloni anajua maana ya "kuelewana jioni". Hapo hapo igizo linasimamishwa, na mwongozaji anawageukia watu: huyu mama afanye nini?

Mmoja anasema akaripoti. Mwingine anamkatiza: akiripoti, kesho atapata wapi dagaa? Anayebisha anaombwa aingie ulingoni, achukue ndoo, amjibu mwenye chombo mwenyewe. Anajaribu kwa ukali, anafukuzwa. Anaingia wa pili, naye haendi peke yake. Anawaita wenzake watatu, wanasema leo tunanunua kwa pamoja, bei moja, mbele ya watu. Mwigizaji wa mwenye chombo anakosa la kusema. Rushwa ya ngono, jambo ambalo kila mmoja alikuwa akilibeba kimya kimya, sasa limejadiliwa hadharani na njia mojawapo ya kulikabili imejaribiwa na wahusika wenyewe.

Mbinu ya kumtoa mtazamaji kitini ilipata umaarufu duniani kupitia Augusto Boal wa Brazil, miaka ya 1970. Tanzania nayo ina historia yake: mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kuhusu mimba za wasichana. Wanakijiji ndio waliolitaja tatizo, na ngoma zao ndizo zilizotumika kulieleza.

Hapo ndipo inapopita tofauti na sanaa ya kampeni. Kikundi kinachopewa ujumbe ulioandikwa ofisini, kikavaa fulana za mradi na kuimba kuhusu chandarua au choo, kinafanya uhamasishaji. Ni kazi halali na mara nyingine inaokoa maisha. Ila swali limeshajibiwa kabla watu hawajakusanyika, na aliyelipa hawezi kuulizwa chochote na wimbo huo.

Msanii anayeuliza hulipa gharama. Mwaka 2017 polisi walimkamata Nay wa Mitego kwa sababu ya wimbo wake Wapo, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe. Msanii mwenye jina ana angalau watu wa kumpigia kelele. Yule mama aliyechukua ndoo ulingoni hana, na kesho saa kumi na mbili asubuhi atakutana na mwenye chombo halisi, ambaye huenda alikuwa amesimama nyuma ya umati akitazama. Kwa hiyo kikundi makini hakirushi video yake mtandaoni bila ridhaa. Kinazungumza mapema na viongozi wa mwalo, na baada ya wiki chache kinarudi kuuliza kama wale kina mama bado wananunua pamoja.