Askari wa kikoloni ni nani?

Askari wa kikoloni ni mtu wa nchi iliyotawaliwa anayebeba bunduki ya mtawala, analipwa na mtawala, na kupigana popote mtawala atakapomtuma. Pengine ni mwenyeji, pengine ameletwa kutoka koloni jingine au nchi ya mbali. Maofisa wake wakuu ni watu wa dola inayotawala, na yeye hafiki ngazi yao hata atumikie miaka 20. Vita vyenyewe hakuvianzisha, na siku ya kutia saini amani hayupo mezani.

Mwanza na Ukerewe dhana hii huzua ubishi upesi. Zipo koo ambazo babu mmoja alitumikia Wajerumani na mwingine akatumikia Waingereza, na vijana wanauliza: hawa walikuwa wasaliti? Naona swali hilo tunaliuliza mapema mno. Kwanza tutazame majeshi haya yaliundwaje, maana yaliundwa kwa namna ambayo lawama ingebaki kwetu sisi kwa sisi.

Tuanze na Wajerumani. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa pwani kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim. Hakuja na kikosi cha Wajerumani. Aliajiri Wasudani waliowahi kutumikia jeshi la Misri, akaongeza watu kutoka Msumbiji, akawaweka chini ya maofisa wachache Wazungu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba ya mwaka huohuo. Mwaka 1891 kikosi hicho kikawa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe, na baadaye likaandikisha Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema wengi.

Hapo ndipo siri ya kwanza ya majeshi haya inapojitokeza: askari awe mgeni pale anapopangwa. Asiye na shangazi wala shamba katika kijiji fulani hasiti sana akiamriwa kuchoma ghala la kijiji hicho. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, mashamba na akiba za chakula viliteketezwa kusini, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000. Waliotia moto, kwa sehemu kubwa, walikuwa Waafrika.

Siri ya pili ni mshahara na hadhi. Askari alilipwa kuliko kibarua wa shambani. Alikuwa na sare, mkewe na watoto wakiishi naye kambini na hata kuandamana naye safarini, na aliweza kupanda vyeo kama ombasha na shaushi, majina yaliyotokana na jeshi la Misri. Na ni yeye aliyeshika kiboko pale bomani, mtu alipohukumiwa hamsa ishirini, yaani viboko 25. Jambo hili tusilifiche kwa sababu tu ni la babu zetu. Mwanakijiji wa Usukuma hakumwona Kaiser, mfalme wa Ujerumani, hata siku moja. Serikali aliyoijua ilikuwa mtu mweusi mwenye kaki aliyekuja kudai kodi.

Mwaka 1914 Ziwa Victoria likawa uwanja wa vita. Kaskazini, Kisumu na Entebbe, walikuwapo Waingereza. Kusini, Mwanza na Bukoba, Wajerumani. Waingereza walikuwa na jeshi lao la namna ileile, King's African Rifles, lililoundwa 1902, ambalo watu waliliita Keya. Juni 1915 meli zilitoka Kisumu zikashusha askari Bukoba, wakakiharibu kituo cha simu ya upepo. Mwaka uliofuata wakaichukua Ukerewe, na tarehe 14 Julai 1916 Mwanza ikaangukia mikononi mwao, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Septemba hiyo Tabora nayo ilitekwa na jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake walikuwa Wakongo. Kwa hiyo ramani ya vita vya Ulaya ilichorwa juu ya ardhi yetu, na Mwafrika alikuwa kila upande, mara nyingi Kiswahili kikizungumzwa kwenye mahandaki ya pande zote mbili.

Kuna kundi ambalo maelezo mengi ya dhana hii hulipita haraka: wapagazi. Waingereza peke yao walikusanya watu wapatao milioni moja kubeba risasi, unga na majeruhi, wengi wao kwa kulazimishwa. Waliokufa, kwa rekodi za Waingereza wenyewe, wanakaribia 100,000, na wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na utapiamlo. Hawakupewa bunduki, kwa hiyo wengine hawawaiti askari. Mimi nawahesabu. Bila mabega yao hakuna kampeni ambayo ingefika hata mbali ya reli.

Tusimchanganye askari wa kikoloni na mamluki, ambaye huchagua tajiri wa kumpigania na humwacha akitaka. Wala si rugaruga, waliomfuata mtemi au kiongozi wao na kujilipa kwa nyara, ingawa wakoloni waliwatumia hao pia.

Dola zote kubwa zilikuwa na askari wa aina hii, na zote zilikuja kugundua kwamba mtu uliyemfundisha vita anabaki na ujuzi huo. Mwaka 1857 sipahi, yaani askari Wahindi wa jeshi la Waingereza huko India, waliasi, cheche ikiwa uvumi kwamba risasi mpya zilipakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Waafrika Magharibi waliopigania Ufaransa walirudi Senegali, wakadai malipo yao kambini Thiaroye, na alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 wakamiminiwa risasi na jeshi walilolitumikia. Accra, tarehe 28 Februari 1948, polisi waliwaua askari wastaafu watatu waliokuwa wakimpelekea gavana malalamiko yao, na ghasia zilizofuata zikasukuma mbele harakati za uhuru wa Ghana. Ahmed Ben Bella alipata nishani ya Ufaransa vitani Italia, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa mapinduzi ya Algeria. Waruhiu Itote alipigana Burma akiwa Keya. Kenya ikamjua baadaye kama Jenerali China wa Mau Mau. Ukifuatilia visa hivi utaona karibu kila mahali kuna deni: mshahara ambao haukulipwa au ahadi iliyosahauliwa.

Deni hilo lilifika hadi Mwanza. Mwaka 1964 alifariki Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyeweka silaha chini Novemba 1918 katika mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Mwaka huohuo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari wake waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba ofisi ya muda ilifunguliwa hapa Mwanza, wakafika wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na cheti, wengine vipande vya sare kuukuu, wengine mikono mitupu. Mtu wa benki aliyeleta fedha akampa kila mmoja ufagio, akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna mzee aliyekosea.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya uaminifu. Mimi kinaniuma. Wazee wa miaka 70 na zaidi walitakiwa kucheza gwaride na ufagio ili walipwe kazi waliyoifanya miaka 46 nyuma.

Na ilikuwa Januari ya mwaka uleule ambapo Tanganyika Rifles, jeshi tulilolirithi kutoka Keya, liliasi. Kambi zake zilikuwa bado na majina ya vita vya Mwingereza: Colito ya Dar es Salaam kwa mapigano ya Ethiopia, Kalewa ya Tabora kwa yale ya Burma. Zaidi ya miaka miwili baada ya uhuru maofisa wengi walikuwa bado Waingereza, na askari walidai mambo mawili, nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika. Serikali ililazimika kuomba makomando wa Uingereza kuwanyang'anya silaha. Kisha jeshi zima likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoandikisha vijana wapya na kuwekwa chini ya maofisa wa nchi hii.