Repin hakuwepo: dhana potofu kuhusu picha za Ivan wa Kutisha

Wiki iliyopita nilisimama tena mbele ya picha ya Ilya Repin inayomwonyesha Ivan wa Kutisha, mfalme wa Urusi wa karne ya 16, akiwa na mwanawe anayevuja damu, katika Jumba la Sanaa la Tretyakov, Moscow, nikiwa na kikundi cha wanafunzi kutoka nyumbani. Dada mmoja akaziba mdomo kwa kiganja, akaninong'oneza: "Mwalimu, kumbe ndivyo alivyomuua mwanawe." Maneno hayo nimeyasikia kwa karibu kila kikundi ninachokitembeza, na safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi.

Nilimwomba arudi ukutani asome kibao. Pale pana tarehe mbili. Ya kwanza imo ndani ya jina lenyewe la picha: Ivan wa Kutisha na mwanawe Ivan, 16 Novemba 1581. Ya pili ni mwaka ambao Ilya Repin alimaliza kazi yake: 1885. Toa hesabu. Ni miaka 304. Repin hakuwepo, na hakuna mtu aliyekuwepo ambaye angeweza kumsimulia.

Naelewa kwa nini watu wanadanganyika. Picha ina kimo cha karibu mita 2 na upana wa zaidi ya mita 2 na nusu, hivyo watu waliomo wanakaribia kimo chako. Baba amevaa nyeusi, yuko chini kwenye zulia jekundu, amemkumbatia kijana na kumbana panja kwa kiganja, damu inachuruzika kati ya vidole. Kiti kimepinduka. Fimbo ya mfalme imelala mbele kabisa, karibu na miguu ya mtazamaji. Kijana amevaa nguo ya waridi na buti za kijani, na ukisogea utaona chozi shavuni. Jicho lako likishapata vitu vyote hivyo linakuambia umeshuhudia. Huo ni ufundi wa mchoraji, na Repin alikuwa fundi wa hali ya juu. Lakini ushahidi ni kitu kingine kabisa.

Sura ya mfalme aliitoa kwa mchoraji mwenzake, Grigory Myasoyedov. Sura ya mwana wa mfalme aliitoa hasa kwa mwandishi Vsevolod Garshin. Wote wawili walikuwa watu wa karne ya 19. Kwa hiyo anayesema "Ivan alikuwa na macho ya kichaa" anayazungumzia macho ya Myasoyedov.

Na tukio lenyewe je? Habari ya ugomvi uliosababishwa na Elena, mke mjamzito wa kijana, kwamba mfalme, baba mkwe wake, alimkuta hakuvaa ipasavyo akampiga, tunaipata kwa Antonio Possevino, padri Mjesuiti aliyetumwa na Papa. Yeye alifika Moscow mwanzoni mwa 1582, miezi kadhaa baada ya msiba, akaandika alichosikia. Ivan mwenyewe, katika barua ya Novemba 1581, aliwaarifu watu wake kwamba hawezi kwenda Moscow kwa sababu mwanawe anaumwa. Kijana alifariki siku kadhaa baada ya kuumia, akiwa na umri wa miaka 27. Repin alizikusanya siku hizo zote akazibana katika dakika moja. Mchoraji anaruhusiwa kufanya hivyo. Mtazamaji ndiye asiyeruhusiwa kusahau kwamba imefanyika.

Ushauri wangu ni uleule kila siku: kabla hujautazama uso, tafuta mwaka picha ilipochorwa, kisha jiulize mchoraji alikuwa anaona nini dirishani kwake. Machi 1881 mfalme Alexander wa Pili aliuawa kwa bomu jijini Saint Petersburg, na mwezi uliofuata watu watano wakanyongwa hadharani kwa kosa hilo. Repin mwenyewe alieleza kwamba picha yake ilizaliwa katika damu ya mwaka ule. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Pobedonostsev, mshauri wa Alexander wa Tatu, aliilalamikia kwa mfalme, na Aprili 1885 ikapigwa marufuku kuonyeshwa. Pavel Tretyakov, mwanzilishi wa jumba hili, alikwishainunua, akaamriwa asiwaonyeshe watu. Marufuku iliondolewa Julai mwaka huohuo. Serikali haikuwa na sababu ya kuogopa habari ya karne ya 16. Iliogopa kwa sababu ilijua picha inazungumzia utawala wa siku zake.

Hapo huibuka kundi la pili, nalo linanichosha zaidi ya la kwanza. Wao husema: kama Repin hakuwepo, basi mauaji hayakutokea, na picha ni kashfa dhidi ya Urusi. Mwaka 2013 wakereketwa wa Kanisa la Orthodox waliomba iondolewe ukutani, uongozi wa jumba ukakataa. Mei 2018 mtu mmoja aling'oa nguzo ya chuma ya kizuizi, akavunja kioo, turubai ikachanika mahali patatu upande wa kijana. Baadaye alijitetea kwamba picha inasema uongo. Mtu huyo na yule dada aliyeziba mdomo, mbali na kwamba mmoja alipandwa na hasira na mwingine na huruma, kosa lao ni moja: wote wawili wanaisoma picha kama ripoti ya polisi.

Yanayojulikana ni haya. Mwaka 1963 makaburi ya baba na mwana katika Kanisa Kuu la Malaika Mkuu, ndani ya ngome ya Kremlin, Moscow, yalifunguliwa. Fuvu la kijana lilikuwa limeoza mno, haikuwezekana kuthibitisha pigo wala kulikanusha. Zebaki ilipatikana kwa wingi katika mifupa, na wengi wameishikia bango wakisema ni sumu, ingawa zama zile zebaki ilikuwa pia dawa. Kwa hiyo habari za fimbo zinasimama au kuanguka kwa maandishi ya wakati ule. Rangi za mafuta za 1885 haziwezi kuziongezea uzito wala kuzipunguzia.

Mengine ninayoyasikia kwa wageni nayapitia haraka.

"Alikuwa kizee mkondefu." Mwaka 1581 Ivan alikuwa na miaka 51. Mikhail Gerasimov, aliyeyachunguza mabaki na kumtengenezea sura kutokana na fuvu, alikuta mtu mwenye mwili mkubwa na mzito, mwenye uti wa mgongo uliokakamaa kwa maradhi. Ivan aliyechorwa na Viktor Vasnetsov mwaka 1897, yule anayeshuka ngazi na joho zito huku akitutazama kutoka juu, naye ni wa kubuni.

"Ile picha nyingine anayomhoji mwanawe mezani." Hapana, jamani. Ile ni ya Nikolai Ge, ya 1871, na aliyemo ni Petro Mkuu na mwanawe Aleksei, aliyefariki 1718. Ni mfalme mwingine na karne nyingine.

"Grozny maana yake mbaya." Grozny ni neno la Kirusi tunalolitafsiri "wa Kutisha", nalo ni ndugu wa groza, yaani tufani ya radi. Katika Kirusi cha zamani lilikuwa na heshima ndani yake: mtawala anayeogopwa na maadui na wavunja sheria. "Wa Kutisha" inakaribia. "Mbaya" inapotosha.

"Uso tunaouona leo si wa Repin tena." Hili lina kisa chake. Januari 1913 kijana mchora ikoni, yaani picha takatifu za kanisani, Abram Balashov, aliichana picha nyusoni kwa kisu mara tatu. Mtunzaji wa jumba, Georgy Khruslov, alijitupa chini ya treni. Repin alikuja kurekebisha, lakini rangi zake za uzeeni zilikuwa zimebadilika, akampaka mfalme kichwa chenye weusi wa zambarau. Alipoondoka, mchoraji Igor Grabar aliifuta rangi hiyo mbichi kwa pamba na mafuta ya taa, kisha akasimamia kuzibwa kwa mikato pekee. Uso unaouona ni ule wa 1885.

Mwisho, wale wanaodai hakuna picha yoyote ya zama za Ivan. Zipo. Kitabu cha historia kilichotengenezwa kwa amri yake kina michoro zaidi ya 16,000. Na katika jumba lilelile la Tretyakov kuna ikoni ya miaka ya 1550, yenye urefu wa karibu mita 4, iliyochorwa baada ya jeshi la Ivan kuuteka mji wa Kazan mwaka 1552: jeshi linaacha mji unaowaka na kuelekea Yerusalemu ya mbinguni, Malaika Mkuu Mikaeli ametangulia juu ya farasi. Wageni huipita wakikimbilia damu ya Repin. Safari hii niliwarudisha wote. Yule dada aliinama karibu na kioo, akamwelekezea kidole mpanda farasi aliye nyuma ya malaika, akauliza: "Ni huyu?" Wataalamu wengi wanaamini ndiye, nikamwambia, na aliyemchora huyu aliishi chini ya utawala wake. Alibaki pale muda mrefu kuliko alivyokaa mbele ya Repin.