Lindi siyo Mtwara jamani, tuwekane sawa

Kila nikisema kwetu Lindi, mtu wa Dar ananijibu "aah, Mtwara huko", yaani hata hajaniuliza kitu kashanihamisha mkoa. Nshachoka kubishana kwenye daladala kwa hiyo leo naandika dhana zote potofu kuhusu Lindi nilizowahi kusikia.

"Lindi na Mtwara ni kitu kimoja." Zamani kweli tulikuwa mkoa mmoja, Lindi ukamegwa 1971, tangu hapo kila mtu na lake. Kwa ukubwa hatulingani kabisa, Lindi ina zaidi ya kilomita za mraba 66,000 na Mtwara ni kama robo ya hapo, ila wao ndo wengi, sensa ya 2022 sisi tulikuwa 1,194,028 na wao wamepita milioni moja na laki sita. Sehemu kubwa ya Liwale ni pori la tembo tu, watu wamekaa kandokando. Halafu kuna wanaodhani Lindi nzima ni wavuvi na pweza, nenda Nachingwea, Ruangwa au Liwale uone kama utakuta bahari, huko ni ufuta na korosho.

"Majimaji ni vita ya Songea." Hii ndo inaniuma zaidi. Makumbusho yako Songea, uwanja wa mpira Songea unaitwa Majimaji, basi watoto shuleni wanakua wanajua Wangoni ndo walianzisha. Vita ilianza Julai 1905 kwenye milima ya Umatumbi, kijiji cha Nandete, wilaya ya Kilwa ya leo. Na haikuanza kwa mishale, ilianza kwa watu kung'oa miche ya pamba. Mjerumani alikuwa analazimisha watu walime pamba kwenye shamba la pamoja, mtu anatoa jasho lake, shamba lake la chakula linaota majani, mwisho wa msimu anapewa visenti au hapewi kabisa. Sasa fikiria wanaume wanaingia shambani wanang'oa shina la pamba mchana kweupe huku wanajua kabisa akida, yule msimamizi wa Mjerumani, ataleta askari, hapo ni tangazo la vita tayari, maneno hayahitajiki. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyekuwa anagawa yale maji ya dawa ya kuzuia risasi, alikuwa Ngarambe, upande wa Rufiji, akanyongwa Mohoro Agosti 1905 vita ikiwa bado changa. Mwezi huohuo boma la Liwale likachomwa. Wangoni waliingia Septemba. Siwapunguzii sifa hata kidogo, Februari 1906 viongozi wao walinyongwa wengi kwa siku moja na kumbukumbu ya Songea imetokana na hapo, ila moto uliwashwa kwetu. Na waliokufa wengi hawakufa kwa risasi, Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi ili njaa imalize kazi, na ndo ikamaliza.

Ukishajua hilo, hii ya "mjusi wa Tendaguru", yaani yule dinosaria, inakuwa nzito zaidi. Watu wanasema Wajerumani walimkuta mjusi mmoja mzima wakambeba. Hapana. Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi mjini, walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, vita imeisha 1907, yaani watu walewale waliotoka kwenye njaa ndo wakaajiriwa kuchimba na kubeba mifupa kwa kichwa, mwendo kama wa siku nne mpaka bandari ya Lindi, na mizigo ilikuwa maelfu, zaidi ya tani 200 za mifupa kwa jumla. Yule aliyesimama kwenye makumbusho ya Berlin, mwenye kimo cha mita 13 na ushee, kaungwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na kichwa kilichoko juu ni cha kuigiza. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, jina lake wakalipachika kwa dinosaria mwingine wa hukohuko mwaka 2007, miaka karibu mia baadaye, sijui nicheke au ninune.

"Kilwa ilijengwa na Waarabu." Kilwa ni mji wa Waswahili. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika 1331 na akaandika wazi kwamba wakazi wake wengi ni watu weusi sana. Wageni walikuja, wakaoa, wakazaa, hilo hakuna anayekataa, ile hadithi ya Mshirazi, mtu wa Uajemi, kununua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote hata wazee wetu wanaisimulia, na utafiti wa DNA uliotoka 2023 kwenye mifupa ya makaburi ya zamani ya pwani, ikiwemo ya Kilwa na Songo Mnara, ulikuta damu ya Kiafrika kwa mama hasa na ya Kiajemi kwa baba. Sasa huyo mtoto utamwita mgeni kwao? Pitisha mkono kwenye ukuta wa msikiti mkubwa pale Kilwa Kisiwani utaona vijinyota vidogovidogo kwenye jiwe, hilo ni tumbawe, limetoka baharini hapohapo na chokaa yake imechomwa hapohapo.

Na usichanganye Songo Mnara na Songo Songo, ni visiwa viwili tofauti, kimoja kina magofu, kingine kina gesi. Ndiyo, gesi. "Gesi ni ya Mtwara" nayo ni nusu tu, ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay kule Mtwara 1982, na iliyoanza kuwasha umeme Dar tangu 2004 ni hii ya Kilwa.

Machinga je? Kuna wajuaji wanakwambia eti ni Kiingereza, "machi" ya kutembea na "gai" ya kijana. Wamachinga ni kabila, wako Lindi, vijana wa kusini walipojaa Kariakoo na bidhaa mkononi ndo jina likawakaa wauzaji wote, hata wewe Mchaga ukiuza mikanda unaitwa Mmachinga.

Mwisho "kusini hakufikiki". Ilikuwa kweli enzi za kivuko cha Rufiji, masika watu wanalala njiani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, lami ikaja kuungana baadaye, sasa hivi unatoka Dar asubuhi jioni unakula samaki Lindi. Ila nisidanganye, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya maji yalikata barabara maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili, kwa hiyo ukija masika piga simu kwanza uulize Somanga kukoje.