Nafsi nyingi ndani ya mtu mmoja: mara nyingi inaanzia utotoni

Chukulia dada wa miaka 30 anafungua kabati anakuta doti mpya ya khanga, hela imetoka kwenye simu yake mwenyewe, ila hakumbuki kabisa kwenda dukani. Kesho yake mtu sokoni anamuita kwa jina lingine, anamwambia jana ulikuwa mkali sana wewe. Ukiishi hivyo miaka na miaka unajifunza kuficha tu, unajifanya unakumbuka, maana ukisema utaambiwa muongo au umerogwa.

Zamani hali hii iliitwa nafsi nyingi, mwaka 1994 madaktari wa akili wa Marekani wakabadilisha jina, sasa ni disosiesheni ya utambulisho, na mi naona walifanya vizuri, maana ndani hakuna watu wengi, kuna mtu mmoja ambaye vipande vyake havijaungana.

Fikiria mkeka. Unasukwa ukili kwanza, ndo baadae unashonwa. Mtoto mdogo bado ni ukili, nafsi yake inashonwa polepole kadiri anavyolelewa. Sasa mtoto huyo akiumizwa mara kwa mara, tena mara nyingi na mtu yuleyule anayemlisha na kumlaza, atakimbilia wapi? Akili inatenga maumivu, hofu inawekwa huku, hasira kule, kumbukumbu sehemu nyingine kabisa, ili kesho aweze kuamka na kwenda shule. Mkeka haukuchanika, haukuwahi kushonwa. Marekani, Canada na Ulaya, kama asilimia 90 ya wenye hali hii walinyanyaswa au kutelekezwa utotoni.

Wengi wanasikia sauti kichwani kwahiyo wanaambiwa wana skizofrenia, ugonjwa mwingine kabisa wa akili, wanameza dawa miaka bila nafuu. Dawa ya hali yenyewe hakuna, zipo za kusaidia usingizi na sonona, kazi kubwa ni tiba ya mazungumzo na inachukua miaka.

Na anayepandisha pepo ngomani, watu wake wanalikubali hilo na halimharibii maisha, huyo si mgonjwa, hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema hivyo.

Muvi zinawaonyesha wenye nafsi nyingi kama wauaji, inaniuma sana, kwasababu hatari kubwa ni kwao wenyewe, wengi wameshajaribu kujiua.

Kama ni ndugu yako, usimbane akumbuke. Akipotea kimawazo ghafla ongea taratibu, mtajie leo ni siku gani, hapa ni wapi, mwambie ashike meza aisikie ilivyo ngumu, kaa naye mpaka arudi, halafu mpange siku ya kwenda kliniki ya afya ya akili.