Bitemapu si Tekken ya zamani

Kijana mmoja hapa Kondele, Kisumu, ana gemu kwenye kompyuta yake inayoitwa Fading Afternoon, ile ya mzee wa magenge ya Japani aliyetoka jela, na kila anayesimama nyuma ya kiti chake lazima aibandike jina. Mmoja atasema, "Omera, hiyo si Tekken ya zamani?" Mwingine atamkata, "Wapi! Hiyo ni GTA ya kompyuta isiyo na nguvu." Majina hayo mawili, la gemu ya ngumi na la gemu ya magari na bunduki, nimeyasikia mara nyingi mno, kwenye vibanda vya PS (PlayStation) vya Manyatta na hata Nakuru, na yote mawili yanakosea. Aina ya gemu hiyo inaitwa beat 'em up. Huku kwetu tunaitamka bitemapu, nami nitaiandika hivyo.

Maana yake ni fupi. Bitemapu ni gemu ambamo mchezaji mmoja, au wawili walio upande mmoja, wanatembea mtaani wakipigana kwa mikono na kundi la maadui, wakimaliza hili linakuja lile, mpaka mwisho wa steji ambako bosi, adui mkubwa kuliko wote, anawangoja. Unatazama kutoka ubavuni. Silaha zipo, kisu au bomba la chuma unaloliokota chini, lakini mikono na miguu ndiyo kazi yenyewe.

Tekken, Mortal Kombat na Street Fighter ni aina nyingine kabisa. Hizo ni za watu wawili kukabiliana, mmoja kwa mmoja, raundi inaisha mmoja akilala. Watu wakiona ngumi wanadhani wameona aina moja. Ngumi haziamui aina. Kinachoamua ni idadi ya wanaokukabili, na uwanja mnaopigania.

Chukua uwanja kwanza. Kwenye bitemapu barabara ina upana. Unaweza kwenda mbele na kurudi nyuma, lakini pia unaweza kupanda kuelekea kuta za maduka au kushuka kuelekea ukingo wa chini wa kioo. Ngumi yako, hata hivyo, inakwenda kushoto au kulia tu. Kwa hiyo adui hawezi kukugusa, wala wewe humgusi, mpaka miguu yenu iwe kwenye mstari mmoja. Ustadi wote umejificha hapo. Mchezaji mgeni anasimama katikati ya barabara akibofya kitufe kwa hasira, na baada ya muda mfupi ana mtu mbele na mtu mgongoni. Mzoefu hupanda kidogo, akazunguka, akawaacha maadui wote upande mmoja wa kioo, ndipo akashuka kwenye mstari wao kabla yule wa kwanza hajainua mkono. Ni kama kupita katikati ya makanga pale stendi ya Kisumu ukiwa na begi: hushindani na mmoja, unachagua pa kupitia ili wasikuzingire.

Tekken nayo iliruhusu mtu kukwepa kwa kando, na kuna wanaonijibu hivyo kila mara. Ni kweli. Lakini hata ukikwepa, macho yako yanabaki kwa mtu yule mmoja na uso wako unamwelekea yeye. Hakuna wa pili wa kukuvizia.

Halafu kuna kundi. Tazama Final Fight ya Capcom, ya mwaka 1989, ambayo kwangu ndiyo bitemapu iliyokamilika kabla ya nyingine zote. Ukimkaribia adui bila kubofya chochote unamshika. Ukishamshika una uamuzi: umpige pale pale, au umrushe. Mgeni hupiga, kwa sababu kupiga kunaonekana kama ushindi. Anayejua hurusha, kwa sababu mwili wa huyo ukiwagonga wenzake wanaanguka naye, na sasa umepata nafasi ya kupumua. Na ukizidiwa kabisa, ukibofya kitufe cha kupiga na cha kuruka kwa pamoja, mhusika wako anawafagia wote waliomzunguka, lakini pigo hilo likiwapata linakula kipande cha uhai wako mwenyewe. Gemu inakuuliza kila mara: utalipa nini ili utoke hapa? Swali hilo halipo kwenye pambano la wawili.

Nawaelewa wanaochanganya aina hizi, kwa sababu zilitoka mikononi mwa watu wale wale. Mwaka 1984 kampuni ya Irem ya Japani ilitoa Kung-Fu Master, iliyobuniwa na Takashi Nishiyama. Mtu mmoja anatembea kwenye mstari mmoja tu, orofa baada ya orofa, maadui wakimjia mbele na nyuma. Nishiyama huyo huyo akahamia Capcom, na mwaka 1987 ikatoka Street Fighter ya kwanza chini ya uongozi wake. Miaka miwili baadaye Capcom walikuwa wanatengeneza gemu ya kutembea mtaani, wakaionyesha kwa jina la Street Fighter '89. Waliouziwa mashine za ukumbini, yaani za kumbi ambako watu hucheza kwa sarafu, wakasema kitu hiki hakifanani na Street Fighter hata kidogo. Capcom wakakubali, wakabadilisha jina, ikawa Final Fight. Akira Nishitani na Akira Yasuda, waliokuwa kiini cha kazi hiyo, wakaendelea kuunda Street Fighter II, iliyotoka mwaka 1991.

Yaani watengenezaji wenyewe, wakiwa na jina kubwa la kuuzia, walikubali kuliacha kwa sababu gemu mbili hizi hazikuwa aina moja. Jambo lililokuwa wazi mwaka 1989 bado tunalivuruga sisi leo.

Sasa habari ya ugangsta, ambayo ndiyo inayowafanya wengine waseme GTA. Hapa kuna historia ninayoipenda kuliko zote. Mtu aliyeipa bitemapu barabara yenye upana ni Yoshihisa Kishimoto wa kampuni ya Technōs Japan. Gemu yake ya mwaka 1986 iliitwa Nekketsu Kōha Kunio-kun, na ilihusu mwanafunzi mkorofi wa sekondari, Kunio, anayewafuata wahuni waliompiga rafiki yake. Kishimoto aliitoa kwenye ujana wake mwenyewe, kwa maana na yeye alikuwa mwanafunzi wa kupiganapigana. Ilipopelekwa Marekani na Ulaya, wauzaji waliona sare za shule za Kijapani hazitaeleweka. Wakazivua. Wanafunzi wakageuzwa magenge ya mjini, stesheni ya treni ikachorwa upya, na gemu ikabatizwa Renegade. Mwaka uliofuata Kishimoto akatengeneza Double Dragon, safari hii akilenga soko hilo tangu mwanzo: mtaa mchafu, genge, na ndugu wawili wanaotembea pamoja. Final Fight ikafuata njia hiyo, meya wa Metro City akipigana na genge la Mad Gear lililomteka binti yake. Mwaka 1991 Sega nao wakaja na Streets of Rage, jiji zima likiwa chini ya bwana mmoja wa uhalifu.

Hivyo ndivyo genge lilivyoingia kwenye bitemapu na kukaa. Lakini angalia limekaa upande gani. Katika hizo za zamani genge ni la kupigwa. Wewe ni polisi aliyeacha kazi, meya, mpenzi wa aliyetekwa. Maisha ya gangsta huyaoni: hujui anakula nini, analala wapi, anamwogopa nani. Unamkuta amesimama barabarani, unamwangusha, anameremeta, anatoweka.

Fading Afternoon inafanya kinyume, na ndiyo maana naitetea. Ilitoka mwaka 2023, kazi ya mtengenezaji wa Urusi anayejiita yeo. Unacheza kama Seiji Maruyama, mtu mzima aliyemaliza kifungo na kurudi kwa familia yake ya yakuza, yaani genge la Kijapani. Unapigana ndiyo, na unanyang'anya maeneo ya wapinzani, lakini siku zinapita, pesa zinaisha, na una hiari ya kutokwenda kupigana. Mtu akikaa nyuma yako kwa muda anaweza kukuona ukitembea tu jioni, sigara mdomoni, bila kumgusa mtu. Gemu haikushiki mkono kukuambia ufanye nini. Kabla ya hapo, mwaka 2018, yeo alikuwa ametoa The Friends of Ringo Ishikawa, ya kiongozi wa genge la wanafunzi katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Ringo anaweza kwenda darasani, kusoma vitabu, kunyanyua vyuma, au kuzurura na wenzake mpaka usiku. Zile sare za shule ambazo wauzaji walimvua Kunio, yeo amezirudisha. Na lile genge ambalo tulizoea kulipiga, sasa tunakaa nalo na kuona kijana anavyofika mwisho wa masomo bila kujua aende wapi. Sidhani kuna mzazi wa Nyalenda atakayeona hilo ni jambo la Japani peke yake.

Je, siku na pesa na maduka zinaifanya iwe GTA? Hapana. Mwaka 1989 Technōs walikuwa tayari na gemu ambayo Marekani iliitwa River City Ransom: adui akianguka anadondosha sarafu, unaziokota, unaingia dukani au hotelini, unakula, na chakula kinakuongezea nguvu. GTA ya kwanza ilitoka mwaka 1997, ikitazamwa kutoka juu, na tangu hapo kazi yake imekuwa gari na bunduki. Kuwa na wahalifu ndani ni habari ya hadithi. Bitemapu ni habari ya namna mikono yako inavyofanya kazi. Unaweza kuwa na bitemapu isiyo na genge la mjini hata moja, kama Golden Axe yenye mashoka na majoka, na ikabaki bitemapu halisi.

Neno "zamani" nalo linanisumbua. Picha za vipande vipande vya pikseli, kama za Fading Afternoon, hazimaanishi gemu ni kuukuu wala kwamba kompyuta imeshindwa. Mtu anayetengeneza peke yake au na wenzake wachache, bila kampuni kubwa nyuma yake, huchagua mtindo huo kwa sababu anaumudu na kwa sababu anaupenda. Wengine hawauchagui: Streets of Rage 4 ya mwaka 2020 imechorwa kwa mkono kama katuni, na kila kitu ndani yake ni bitemapu.

Kwa nini basi vijana wetu wengi hawaijui aina hii? Nadhani jibu liko kwenye pesa, na ni lile lile lililoiua ukumbini. Street Fighter II ilipoingia mwaka 1991, wenye mashine waliona kitu kizuri: watu wawili wanapigana, baada ya dakika chache mmoja ameshindwa, anatoa sarafu nyingine au anampisha anayengoja. Kwenye bitemapu, wawili waliozoea wanaweza kukaa na sarafu zao muda mrefu wakisaidiana. Baadaye zikaja picha za pande tatu, na aina hii ikasukumwa pembeni kwa miaka mingi. Vibanda vyetu vilianza na hesabu hiyo hiyo. Unalipia mechi, anayefungwa anaachia padi, foleni inasogea. Mpira unafaa hapo, Tekken inafaa hapo. Gemu ambayo marafiki wawili wanashirikiana kuvuka mtaa, hakuna anayemfunga mwenzake, mwenye kibanda ataitoza vipi? Kwa hiyo haikuwekwa, na isipowekwa hakuna anayejifunza jina lake. Wengi wanaoijua leo wameipata kwa emuleta, programu inayoigiza mashine za zamani, kwenye simu.

Basi, ndugu yangu unayesimama nyuma ya kiti cha yule kijana, kabla ya kusema Tekken, hesabu wanaomkabili, uone kama ameshuka au amepanda barabarani ili wasimzingire. Ukiona wanne na mtaa wenye upana, hiyo ni bitemapu. Na yule anayesema GTA, mwambie polepole kwamba ameitaja hadithi badala ya mchezo, kisha muulize kijana padi ya pili iko wapi. Fading Afternoon ni ya mtu mmoja, atakuambia hivyo. Mwombe awashe Streets of Rage 4, mkae upande mmoja, na usimpige mwenzako kwa bahati mbaya.